Kitabu cha Katuni katika Sikukuu ya Halloween: Aina, Sehemu na Matumizi

Maana na mipaka

Kitabu cha katuni ni chapisho la kurasa zilizofungwa pamoja, ambamo hadithi husimuliwa kwa michoro iliyopangwa katika fremu zinazofuatana. Maneno ya wahusika huwekwa ndani ya viputo, na maneno ya msimulizi ndani ya visanduku. Kitu hiki hutofautiana na kibonzo cha gazetini, ambacho huwa mchoro mmoja wenye mzaha au hoja ya siku. Hutofautiana pia na mfululizo wa fremu chache unaotoka gazetini siku baada ya siku, kama Juha Kalulu ya Edward Gitau iliyosomwa kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Kitabu cha katuni hununuliwa peke yake, husomwa kwa kikao kimoja, tena huweza kutunzwa, kuazimwa na kugawiwa. Sifa hizo ndizo zilizokipa nafasi katika sikukuu moja ya Wamarekani, kwa kuwa sikukuu huhitaji vitu vinavyopita mkono hadi mkono.

Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, yaani usiku wa tarehe 31 Oktoba. Asili yake huhusishwa na Samhain, sikukuu ya Waselti ya kufunga mavuno na kuukaribisha msimu wa baridi. Wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na huko boga likachukua mahali pa tanipu iliyokuwa ikichongwa kuwa taa. Desturi ya watoto kupita nyumba hadi nyumba wakiwa wamevaa maleba na kuomba peremende ilienea katika miaka ya 1930, ikazoroteshwa na mgawo wa sukari wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha ikashika mizizi vita vilipokwisha.

Kitabu cha katuni kilikua katika miaka hiyohiyo. Famous Funnies kilianza kuuzwa katika vibanda vya magazeti mwaka 1934, na toleo la kwanza la Action Comics, lililomtambulisha Superman, lilitoka mwaka 1938. Mambo hayo mawili, mtoto wa mlangoni na katuni ya senti 10, ni ya kizazi kimoja na mitaa ileile. Kukutana kwao hakukuhitaji mpatanishi.

Mpaka mmoja lazima uwekwe mapema, maana wengi huuvuka bila kujua. Katuni ya kutisha na katuni ya Halloween ni vitu viwili. Katuni ya kutisha hutambuliwa kwa maudhui yake: maiti, mizuka, mauaji, kisasi cha kaburini. Katuni ya Halloween hutambuliwa kwa matumizi yake, yaani kwamba husomwa, hugawiwa, huvaliwa au hukusanywa kwa ajili ya usiku ule. Hadithi nyingi za kutisha zilitoka mwezi Machi au Juni na hazitaji boga hata mara moja. Kwa upande mwingine, baadhi ya katuni zinazopendwa zaidi wakati wa Halloween ni za bata na watoto, wala haziwezi kumtisha mtu yeyote.

Aina ya kwanza: mikusanyiko ya kutisha

Mkusanyiko wa kutisha ni toleo lenye hadithi kadhaa fupi zisizohusiana, kila moja ikiwa na mwisho wa kushtua. Toleo la Eerie Comics lililochapishwa na kampuni ya Avon mwaka 1947 huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha katuni kilichojaa vitisho mwanzo hadi mwisho, lakini halikuendelezwa wakati ule. Adventures into the Unknown, kilichoanza mwaka 1948, ndicho cha kwanza kutoka kwa mfululizo.

Aina hii ilifikia ukomavu wake katika kampuni ya EC ya New York. Mwasisi wake, Max Gaines, alifariki mwaka 1947 katika ajali ya boti, na mwanawe William akairithi kampuni ambayo hakuitamani. Mwaka 1950 yeye na mhariri wake Al Feldstein walianzisha mifululizo mitatu: The Crypt of Terror, ambao haukuchukua muda kupewa jina la Tales from the Crypt, pamoja na The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Kila toleo lilikuwa na hadithi nne. Utaratibu wa kazi ulikuwa wa haraka mno. Gaines, aliyekuwa na shida ya kupata usingizi, alisoma usiku kucha na kufika asubuhi akiwa na vidokezo vya visa, naye Feldstein akachagua kimoja na kukiandika moja kwa moja juu ya karatasi nene ya mchoro. Herufi zilichorwa kwa kifaa cha Leroy, kilichotumiwa na wachora ramani za majengo, kwa hiyo maneno ya EC yana unyoofu wa hati ya ofisini. Unyoofu huo huongeza ubaridi wa hadithi kuliko herufi za kutetemeka zilizotumiwa na wengine.

Wachoraji wa EC waligawana vitisho kwa kadiri ya vipaji vyao. Graham Ingels, aliyetia saini ya “Ghastly”, alibobea katika nyama inayooza, matope na mate yanayonata. Jack Davis alichora miguu mikubwa na nyuso zenye mikunjo, hata mauaji yakawa na kicheko ndani yake. Johnny Craig alichora watu safi wa mjini, wenye suti na nywele zilizochanwa, na kwa sababu hiyohiyo maovu yao yalichoma zaidi. Jack Kamen alipewa hadithi za wanandoa wanaotiliana sumu.

Kanuni ya ndani ya hadithi hizi ni malipo. Mwenye kudhulumu hulipwa kwa namna iliyo sawasawa na dhuluma yake, na mara nyingi kwa mkono wa yuleyule aliyemuua. Msiba wa kujitakia hauna kilio, na EC haikulia. Katika “Foul Play!” ya mwaka 1953, iliyochorwa na Davis, mchezaji wa besiboli anayemuua mpinzani wake kwa sumu iliyopakwa kwenye vyuma vya kiatu huitwa uwanjani usiku wa manane na wachezaji wa timu ya marehemu, na viungo vya mwili wake hugeuzwa vifaa vya mchezo. Fremu ya uwanja ule ndiyo iliyotajwa tena na tena na wapinzani wa katuni. Ukiacha damu, ni hadithi ya haki iliyonyooka kuliko nyingi za mashujaa.

Jambo moja la pembeni lastahili kuandikwa. EC ilichukua visa vya Ray Bradbury bila idhini. Bradbury hakwenda mahakamani. Aliandika barua ya upole akikumbusha kwamba malipo yake yalikuwa hayajafika. Gaines akalipa, na tangu hapo EC ikachora hadithi za Bradbury kwa ruhusa na kwa jina lake. Bradbury huyohuyo alitoa The Halloween Tree mwaka 1972, mojawapo ya vitabu vya watoto vinavyosomwa sana kuhusu asili ya sikukuu hii.

Kipindi cha katazo

Historia ya aina ya kwanza ilikatwa katikati, na mkato huo ndio unaoeleza kwa nini aina nyingine zilistawi. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alitoa Seduction of the Innocent, kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Tarehe 21 Aprili mwaka huo Gaines alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu wa watoto, katika kikao kilichofanyika New York. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la Crime SuspenStories namba 22, lenye mtu aliyeshika shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza kama hilo lilikuwa jambo la staha. Gaines alijibu kwamba kwa jalada la katuni ya kutisha, ndiyo, na akaeleza kwamba kukosa staha kungekuwa kukiinua kichwa juu zaidi ili damu ionekane ikitona. Jibu lilikuwa sahihi kwa kanuni za fani na la hasara kubwa kwa kila namna nyingine.

Wachapishaji waliogopa sheria ya serikali, wakaunda chombo chao cha kujidhibiti. Kanuni ya Katuni ilipitishwa tarehe 26 Oktoba 1954, siku tano kabla ya Halloween. Ilipiga marufuku maneno “horror” na “terror” katika majina ya vitabu, na ikawakataza maiti watembeao, wanyonya damu, walaji wa maiti na watu wanaogeuka mbwamwitu. Takriban viumbe wote ambao watoto walijivika usiku wa tarehe 31 walikuwa wamefukuzwa kurasani. Toleo lililoidhinishwa lilibandikwa muhuri mdogo kwenye kona ya jalada, na wasambazaji walikataa kubeba lisilo na muhuri. EC iliacha mifululizo yake ya kutisha, na toleo la mwisho la Tales from the Crypt lilikuwa na tarehe ya mwanzoni mwa 1955. Gaines alibaki na katuni yake ya mzaha, MAD, akaigeuza jarida, na kwa hatua hiyo ikatoka nje ya mamlaka ya Kanuni.

Mlango huohuo wa jarida ulitumiwa na mchapishaji James Warren. Creepy ya mwaka 1964 na Eerie ya mwaka 1966 zilichapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa ukubwa wa jarida, hivyo Kanuni haikuzigusa. Katika kampuni zilizobaki ndani, katazo lilizaa vichekesho vya kiofisi. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mwandishi kijana Marv Wolfman. Toleo moja la kampuni ya DC lilipotaja kwamba hadithi imesimuliwa na “wolfman”, wakaguzi walilikataa kwa kuwa watu-mbwamwitu walikuwa marufuku. Walipoambiwa kwamba hilo ni jina la ukoo la mwandishi, walidai jina lake lichapwe waziwazi kama mtunzi, na ndivyo ilivyofanyika. Wolfman huyo baadaye aliandika The Tomb of Dracula.

Mwaka 1971 Kanuni ililegezwa. Wanyonya damu na mbwamwitu waliruhusiwa kwa sharti kwamba wafuate mapokeo ya fasihi, kama Dracula na Frankenstein. Zombi hawakuwa na riwaya ya heshima nyuma yao, wakabaki nje, na kampuni ya Marvel ikaanza kuwaita “zuvembie” ili kupita. Kampuni hiyo iliacha kabisa Kanuni mwaka 2001, na DC pamoja na Archie zikafuata mwaka 2011.

Aina ya pili: katuni za watoto

Aina hii haikuhitaji ruhusa ya mtu. Kampuni ya Dell, iliyokuwa na wahusika wa Disney, hata haikujiunga na Kanuni, kwa maelezo kwamba vitabu vyake vilikuwa safi tangu mwanzo. Hapa Halloween si vazi la hadithi tu. Ni mada yenyewe: mlango, mfuko, peremende, na mtu mzima mchoyo.

Mfano ulio kamili zaidi ni hadithi ya Carl Barks katika Donald Duck namba 26 ya mwaka 1952, iliyotokana na filamu fupi ya Disney ya mwaka huohuo. Wapwa watatu wa Donald wanafika mlangoni kwake kuomba peremende, naye anawatilia fataki mifukoni na kuwamwagia maji. Mchawi aitwaye Hazel, aliyekuwa akipita kwa ufagio wake, anajiunga na upande wa watoto. Barks, kama kawaida yake, alipanua kisa kupita filamu. Aliongeza jitu la kutisha lenye mikono mingi, Smorgie, na wahariri wakaziondoa kurasa tisa pamoja na jitu lenyewe kabla ya kuchapa. Kurasa hizo zilirudishwa katika matoleo ya baadaye ya kazi zake. Msomaji anayelinganisha matoleo mawili huona kwamba lile lililokatwa lina haraka mwishoni, kama gari lililorukishwa gia.

Mifululizo mingine ya aina hii ilimfanya kiumbe wa kutisha kuwa jirani mwema. Kampuni ya Harvey ilikuwa na Casper, mzuka mpole, tangu 1952, na Wendy, mchawi mdogo mwema, tangu 1954. John Stanley, katika Little Lulu, alimpa Lulu kazi ya kubuni ngano za papo kwa papo kuhusu mchawi Hazel ili kumtuliza mtoto wa jirani, na mhusika huyo si yule wa Disney ijapokuwa jina ni moja. Sabrina, mchawi wa umri wa sekondari, alionekana mara ya kwanza katika Archie's Mad House namba 22, ya Oktoba 1962, mikononi mwa George Gladir na Dan DeCarlo.

Mfululizo wa magazetini wa Charles Schulz, Peanuts, uko mpakani mwa uainishaji huu, maana haukuzaliwa kama kitabu. Unaingizwa kwa sababu ndio uliobuni imani mpya ya sikukuu: Boga Kuu, ambalo mhusika Linus hulingoja shambani kila mwaka na halitokei. Lilitajwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1959, na filamu yake ya televisheni ikarushwa tarehe 27 Oktoba 1966. Tangu hapo mikusanyiko ya mfululizo huo imekuwa zawadi ya kila msimu.

Aina ya tatu: katuni za mashujaa

Shujaa wa katuni huvaa maleba mwaka mzima, kwa hiyo usiku wa Halloween ndio usiku pekee asioonekana wa ajabu barabarani. Waandishi wameutumia ukweli huo kwa njia mbili, na ya kwanza ni ya kuvutia zaidi.

Katika mji mdogo wa Rutland, jimbo la Vermont, yamefanyika maandamano ya Halloween tangu 1960. Tom Fagan, mkazi wa mji na mpenzi mkubwa wa katuni, aliyajaza wahusika wa vitabu, Batman akiongoza msafara. Waandishi na wachoraji wa New York wakaanza kusafiri kwenda huko kila Oktoba, wakihudhuria pia karamu ya Fagan baada ya msafara, na waliporudi waliuandika mji huo ndani ya hadithi zao. The Avengers namba 83 ilitangulia mwaka 1970. Batman namba 237, iliyoandikwa na Denny O'Neil na kuchorwa na Neal Adams, ilifuata mwaka 1971. Humo mtu aliyevaa kama malaika wa mauti, mwenye mundu mrefu, anawinda katika msafara ule. Ni daktari aliyenusurika kambi za Wanazi, na anayemsaka ni mtesaji wake wa zamani. Kuweka jambo zito kama hilo katikati ya watu waliovaa vinyago vya kuchekesha ni ujasiri ambao katuni chache za miaka ile zilikuwa nao.

Mwaka 1972 jambo la nadra lilitokea. Steve Englehart na Gerry Conway wa Marvel, pamoja na Len Wein aliyeandika upande wa DC, walipanga kwa siri hadithi moja ipite katika vitabu vitatu vya kampuni mbili shindani: Amazing Adventures namba 16, Justice League of America namba 103 na Thor namba 207. Kila kimoja kilisomeka peke yake. Aliyenunua vyote vitatu ndiye aliyegundua kwamba ni usiku mmoja, mji mmoja, na kwamba waandishi wenyewe wanatembea ndani ya fremu. Hakuna kampuni iliyotangaza lolote.

Njia ya pili ni kuifanya sikukuu kuwa mhimili wa njama. Mwandishi Jeph Loeb na mchoraji Tim Sale walianza na matoleo maalumu ya Halloween ya Batman mwaka 1993, 1994 na 1995, kisha wakatoa The Long Halloween katika sehemu 13 kati ya 1996 na 1997. Hadithi inaanza Halloween moja na kuishia Halloween ya mwaka unaofuata. Muuaji hupiga kila sikukuu kwa bastola ndogo iliyofungwa chuchu ya chupa ya mtoto ili kupunguza mlio, na huacha kitu kinachoashiria siku hiyo. Ndani yake mwendesha mashtaka Harvey Dent anageuka kuwa mhalifu Two-Face. Filamu ya The Batman ya mwaka 2022, inayofunguka usiku wa Halloween, imechota waziwazi kutoka humo.

Wabaya wa aina hii wanaweza kutajwa kwa ufupi tu: Green Goblin wa 1964 na mabomu yake yenye umbo la boga, Solomon Grundy wa Oktoba 1944, na Scarecrow wa 1941.

Aina ya nne na ya tano: za dhihaka na za kuonya

Katuni za dhihaka huchukua mhusika wa kawaida na kumtumbukiza katika kitisho kwa usiku mmoja. Treehouse of Horror ya kampuni ya Bongo, iliyofuata kipindi cha The Simpsons, ilitoka kila mwaka tangu 1995 hadi 2017. Afterlife with Archie ya mwaka 2013 ilianza kama mzaha wa namna hiyo, ikaishia kuwa ya huzuni ya kweli, kwa hiyo uainishaji wake hauna utulivu.

Katuni za kuonya ni kinyume cha zote zilizotangulia, na hutumika usiku uleule. Jack Chick, mchoraji na mchapishaji wa California aliyefariki Oktoba 2016, alichapisha vijitabu vidogo vya katuni vinavyotoshea mfukoni, vyenye mwisho wa moto wa jehanamu kwa asiyetubu. Vijitabu vyake kadhaa vinaishambulia Halloween moja kwa moja kama kazi ya shetani. Hata hivyo wafuasi wake huvitia katika mifuko ya watoto mlangoni pamoja na peremende, na kampuni yake huwahimiza kufanya hivyo. Vijitabu hivyo vimetafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hiyo huenda ndiyo katuni ya Kimarekani iliyowafikia bila kununuliwa. Kwa kigezo cha matumizi, hizi ni katuni za Halloween kamili. Kigezo cha nia ndicho kingezikataa.

Sehemu

Mwenyeji ni mhusika asiyeshiriki kisa, anayekifungua na kukifunga. EC ilikuwa na watatu: Crypt-Keeper, Vault-Keeper na Old Witch, waliopokezana hadithi katika mifululizo yote mitatu, wakimkejeli msomaji na kufanya mizaha juu ya maiti. DC iliwapa kazi hiyo Cain na Abel, na Warren ikampa Uncle Creepy. Kazi ya mwenyeji ni ileile ya msimulizi wa ngano anayesema “paukwa” na kungoja kuitikiwa “pakawa”: huweka mpaka kati ya hofu ya kubuni na usiku wa kweli. Alipoondolewa, katuni za kutisha zilipata uzito na kupoteza ukarimu.

Tarehe ya jalada huwapotosha wengi. Wachapishaji waliandika mwezi wa mbele, mara nyingi kwa miezi miwili au zaidi, ili muuzaji asiliondoe toleo kibandani mapema. Kwa hiyo Batman namba 237 ina tarehe ya Desemba 1971 ijapokuwa iliuzwa kwa ajili ya Halloween, na The Avengers namba 83 vivyo hivyo ni ya Desemba. Atafutaye katuni za Halloween kwa kufuata neno “Oktoba” juu ya jalada atakusanya zaidi zilizouzwa katika joto la Agosti.

Rangi ni sehemu ya tatu. Mitambo ya zamani ilitumia wino nne tu: njano, wekundu wa zambarau, samawati na nyeusi. Rangi ya machungwa ilipatikana kwa njano kamili na nukta za wekundu kwa nusu, na nyeusi haikuhitaji kuchanganywa. Hivyo rangi mbili za Halloween zilikuwa miongoni mwa zilizotoka vizuri zaidi kwenye karatasi duni, wakati rangi ya ngozi na majani zilichafuka. Mchoraji mjuzi alijaza kivuli kizito na kuacha boga moja liwake, akajiokolea kazi.

Matumizi

Kusoma ni tumizi la kwanza, na huambatana na mwezi mzima kuliko usiku wenyewe, kwa kuwa usiku wenyewe mtoto yuko barabarani. Wasomaji wazima huweka utaratibu wa kurudia kitabu kimoja kila Oktoba, na The Long Halloween imekuwa ya kawaida katika desturi hiyo. Baadhi huanzia katuni na kuhamia televisheni: Tales from the Crypt ya HBO ya 1989 hadi 1996, au The Walking Dead, iliyokuwa katuni ya Robert Kirkman na Tony Moore tangu 2003 na kuanza kurushwa tarehe 31 Oktoba 2010.

Kugawa ni tumizi la pili. Mwaka 2012 msambazaji mkuu wa katuni wa wakati huo, Diamond, alianzisha Halloween ComicFest kwa kuiga Siku ya Katuni za Bure iliyoanza Mei 2002. Maduka yalitoa matoleo ya bure karibu na mwisho wa Oktoba, na katuni ndogo ziliuzwa kwa vifurushi ili mwenye nyumba azitie katika mifuko ya watoto badala ya peremende au pamoja nazo. Diamond aliomba ulinzi wa kufilisika Januari 2025, lakini baadhi ya maduka yameendelea na desturi kwa akiba yao wenyewe. Sababu nyingine imeongezeka: tangu 2014 kampeni ya boga la rangi ya samawati-kijani huwatambulisha wenye nyumba wanaotoa zawadi zisizo za chakula kwa ajili ya watoto wenye mzio, na kijitabu cha katuni ni miongoni mwa zawadi rahisi za namna hiyo.

Kuvaa ni tumizi la tatu. Kampuni ya Ben Cooper ya Brooklyn iliuza maleba ya mashujaa katika boksi lenye dirisha: kinyago chembamba cha plastiki chenye uzi wa mpira nyuma, na joho jepesi. Mara nyingi joho la Batman halikufanana na vazi la Batman. Lilikuwa na picha ya Batman kifuani, na jina lake chini. Mtoto alikuwa amevaa jalada. Maleba ya siku hizi yanafuata filamu, yana misuli ya sponji, na hayamtangazi mhusika kwa maandishi.

Kukusanya ni tumizi la nne na lina shida zake za kikemia. Karatasi ya bei nafuu ina lignini na asidi, hugeuka kahawia na kuvunjika, kwa hiyo nakala za miaka ya 1950 zilizosomwa na kuazimwa ni dhaifu. Gaines alikuwa na mazoea ya kuhifadhi takriban dazeni moja ya nakala za kila toleo la EC, zilizofungwa na kuwekwa mbali na mwanga. Baadaye zilifunguliwa na kuuzwa kupitia mchapishaji Russ Cochran zikiwa na kurasa ambazo bado ni nyeupe, na hizo ndizo zinazotafutwa na wakusanyaji kuliko nyingine. Kwa matumizi ya sikukuu hazifai kabisa, maana hakuna anayeifungua nakala ya namna hiyo. Zinazosomwa Oktoba ni chapa za marudio, ambazo Cochran huyohuyo na wachapishaji waliomfuata wamezitoa mara nyingi, kwa karatasi bora na kwa bei ya mtu wa kawaida.